Nyavu za Goli, Jozi Moja

Halmashauri waliagiza kwangu mwezi wa pili:
nyavu za goli, jozi moja,
mipira kumi na miwili, saizi namba tano,
vibendera vya kona vinne,
vizibao vya rangi ya chungwa, ishirini na viwili.
Barua ilikuja na muhuri wa nembo,
nikaubusu, Mungu anisamehe,
nikafunga duka mapema, Mtaa wa Sikukuu ukanishangaa.

Nyavu zile hazikutoka kwenye kontena.
Nilimpa kazi Mshamu wa Gerezani, fundi kamba,
anayekaza fundo kwa gumba na jino.
Kila fundo la kona aliliacha na mkia mfupi.
"Nikiziona," alisema, "nizijue kama wanangu."
Yeye nilimlipa. Taslimu. Sikumwambia njoo kesho.

Tangu hapo nimezijua ngazi za ofisi ile,
ya tatu imemeguka, ya tisa ina kiraka cha saruji.
Nimejua kwamba faili hulala, faili hupanda juu,
faili husafiri kikazi Dodoma
na kurudi bila sahihi.
"Mama Kisura, mfumo hausomi."
Alhamisi hausomi. Jumatatu hausomi.
Nikamuuliza Bwana Nyangasa, afisa michezo:
huo mfumo umeishia darasa la ngapi?
Akacheka. Ana cheko zuri yule bwana,
na kalamu yenye kifuniko kilichotafunwa.
Si mtu mbaya. Hapo ndipo penye shida:
ningepata mtu mbaya ningemchukia, nikalala.

Mipira niliiona stoo, mwezi wa nne.
Wameiandika namba ya mali, rangi nyekundu, brashi nene,
kama waandikavyo viti na meza,
na mpira ukidundishwa unayumba upande wa maandishi.
Haichezwi bado. Inasubiri kukabidhiwa.
Mgeni rasmi hajapata nafasi.

Uwanja nao una ada.
Vijana wa Kwa Limbanga wanalipia kwa saa,
goli lenyewe matofali mawili na ubishi:
limeingia, halijaingia, limepita juu,
juu ipi, na mwamba hakuna?
Juzi walikuja dukani sita, na kibubu cha kopo la maziwa,
wakamwaga sarafu juu ya kaunta, wakahesabu mara mbili.
Zilitosha pampu.
Pampu, bila mpira.
Niliwapa na mpira. Sikuandika.
Marehemu mume wangu angesema hilo si duka, ni sadaka.

Jumamosi nikaenda mwenyewe uwanjani
kutazama deni langu linafananaje.
Chitanda, mlinzi, alifungua geti
kwa ufunguo uliofungwa kwenye filimbi.
Nyuma ya goli la kusini, pale bomba linapovuja,
matuta manne ya mchicha, umesimama, unang'aa,
na kuuzunguka, kuku wasiingie,
wavu.

Nikainama. Fundo la kona. Mkia mfupi.

Hakukimbia wala hakukana.
"Mama, mwezi wa tatu huu sijaona mshahara.
Na mle stoo zilikuwa zinaliwa na panya.
Nikasema angalau zizuie kitu."
Na kweli zilizuia. Kuku mmoja alisimama nje, kichwa upande,
kama mshambuliaji aliyekosa penalti.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu mwezi wa pili,
nimeyapanga ngazi kwa ngazi, pamoja na ile iliyomeguka.
Chitanda akachuma mafungu mawili,
akayafunga kwa uzi wa rangi ya chungwa
(sikuuliza umetoka wapi),
akanipa kwa mikono yote miwili.

Usiku nimefungua daftari.
Kushoto: Halmashauri, nyavu jozi moja, na kadhalika.
Kulia, upande uliokuwa mweupe miezi yote hii:
Imepokelewa, mchicha, mafungu mawili.
Salio, nikaandika,
kalamu ikasimama.
Jikoni tui lilikuwa linataka kumwagika.